Boti Yangu, Trela Lako

Ungemwuliza yule msusi anataka nini duniani, angekujibu bila kupepesa macho: kukaa mahali pasipo na kichwa cha mtu kati ya magoti yake. Miaka nenda miaka rudi alikuwa saluni akisuka na kufumua, akivuta harufu ya dawa za nywele pamoja na umbea wa nusu ya mji, na kila jioni masikio yalikuwa yamechoka kuliko vidole. Ndoto yake ilikuwa boti ndogo ya kuvulia samaki, ndoano moja, maji yaliyotulia, na mtu wa kumsemesha asiwepo. Ndiyo maana siku ya mnada alifika mapema, blauzi ya manjano, suruali ya jinzi, nywele kazifunga juu kwa kitambaa chekundu, akasimama katikati ya wanaume walionuka oili kana kwamba uwanja wote ni wa babu yake.

Kampuni ya maji ilikuwa inauza vitu vyake vilivyochakaa. Kulikuwa na pampu, viti vilivyokatika miguu, pikipiki zisizo na injini, na pembeni, juu ya trela lililoliwa na kutu, boti ya alumini iliyobonyea ubavuni, imejaa majani makavu na maji ya mvua. Msusi aliiangalia mara moja tu na roho yake ikatulia. Mnadi alipoitangaza kwa spika yake yenye mikwaruzo, akainua mkono.

Mkono mwingine ukainuka nyuma yake.

Aligeuka akaona mwanamume mrefu mwenye overoli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko, kalamu sikioni. Alikuwa fundi wa lifti, mtu aliyezoea watu wazima wamtegemee wakiwa wamekwama kati ya ghorofa na ghorofa, na jambo hilo lilimpa kiburi fulani cha shingo.

"Dada, hilo si beseni la kuogeshea mtoto," akamwambia, bila hata salamu. "Unajua kilichomo ndani yake?"

"Maji na majani. Kichwani mwako mna nini?"

Watu wakacheka. Fundi akapandisha bei, msusi akapandisha, fundi tena, msusi tena, mpaka mnadi akaanza kutokwa jasho la furaha. Mwishowe fundi akaguna akashusha mkono. Boti ikawa ya msusi, naye akageuza shingo taratibu ili fundi apate muda wa kuuona ushindi vizuri.

"Kinachofuata," mnadi akapaza sauti, "ni trela!"

"Trela gani?" msusi akauliza.

"Hilo lililo chini ya boti yako, mama. Vinauzwa kila kimoja peke yake. Hukusikia nilipotangaza?"

Hakusikia, alikuwa akitukanana. Na pochi yake sasa ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Fundi wa lifti aliitazama ile pochi, akamtazama mwenye pochi, akatabasamu, akainua mkono. Hakuna mwingine aliyelitaka lile rundo la kutu.

"Haya, Nahodha," akasema, ameegemea gurudumu lililopasuka. "Chukua boti yako uende. Jitwike kichwani."

"Umelinunua la nini? Huna hata cha kuweka juu yake!"

"Nimelinunua kwa roho mbaya," fundi akajibu, na kwa dakika moja akaonekana kushangaa mwenyewe kwa kusema kweli.

Lakini roho mbaya nayo ina gharama zake. Mnadi alitaka uwanja uwe mweupe kabla ya jioni, na fundi alikuwa anaishi ghorofa ya nne, chumba na sebule. Trela la kutu huwezi kulipandisha kwa ngazi, wala yeye, pamoja na ufundi wake wote, asingeliingiza kwenye lifti. Msusi alikuwa na ua mkubwa lakini hakuwa na magurudumu. Wakasimama pale wanachukiana, kila mmoja anangoja mwenzake aombe.

"Liweke kwangu," msusi akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Njoo Jumamosi Jumamosi ulitengeneze. Likipona, uondoke nalo."

"Na boti yako itakaa wapi nikiondoka?"

"Hilo halikuhusu."

Ua ule ulikuwa wa shangazi yake msusi, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shangazi alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na hadi leo hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuhukumiwa. Akatoka mlangoni na miwani puani.

"Hicho ni nini?"

"Boti, Shangazi."

"Na hicho je?" akamnyooshea kidole fundi.

"Hicho kimekuja na trela."

Basi Jumamosi zikaanza, na amani ikaisha katika mtaa ule. Fundi alilala chini akifungua magurudumu, akitoa beringi zilizosagika na grisi nyeusi kama lami. Msusi alisimama juu, ndani ya boti, anakwangua rangi ya zamani kwa msasa, na vumbi lote likamwangukia mwenzake machoni. Hakuwa anafanya kusudi. Au tuseme hakuwa anafanya kusudi kila mara.

"Nahodha! Nina macho mawili tu!"

"Yafumbe. Kazi yenyewe huioni hata yakiwa wazi."

"Mwanamke huyu analishwa nini, Shangazi?"

"Alipokuja hapa alikuwa hivyo hivyo," Shangazi akajibu dirishani. "Mimi sihusiki."

Siku ya kutafuta mahali panapovuja ndiyo waliyogombana hasa. Boti kuukuu ya alumini haivuji kwenye bati, huvuja kwenye ribiti, vile visumari butu vinavyoshona bati na bati. Njia ya kuzijua mbovu ni kuijaza boti maji ikiwa nchi kavu, kisha kuangalia chini wapi panalia. Msusi akafungulia mpira wa bomba. Fundi akaja mbio.

"Unavunja trela langu! Unajua maji yana uzito gani?"

"Si ulisema umeliimarisha? Au ulikuwa unajisifu?"

Fundi akachukua chaki, akalala chali chini ya boti, akaanza kuzungushia duara kila tone. Msusi naye akainama upande wa pili na chaki yake, hakutaka mtu mwingine ahesabu makosa ya boti yake. Wakakutana katikati, kichwa kwa kichwa, na ribiti moja iliyokuwa inasubiri wasaa huo ikaachia kabisa, maji yakashuka kwa mkondo juu ya nywele za msusi alizozitengeneza kwa nusu siku.

Fundi akacheka. Akacheka mpaka machozi yakachanganyika na maji. Na msusi, aliyekuwa tayari ameshika spana ya kumtupia, akaona kwamba yule mtu akicheka shingo yake inapoteza kiburi chote, na meno yake ya mbele yana mwanya. Akaiweka spana chini. Hakumwambia kwa nini.

Kubadilisha ribiti hakufanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje na nyundo, mwingine hujikunyata ndani na kipande kizito cha chuma, anakibana nyuma ya ribiti ili ipigwapo ijae na kushika. Bati linakuwa kati yao. Hawaonani, na kwa kelele za nyundo na pamba masikioni hawasikiani. Fundi ndiye aliyeleta ishara.

"Wewe mwenye chuma ndiye unayeiona ikijaa. Ukiwa tayari, gonga bati mara moja, nipige. Ikikaa vizuri, gonga mara mbili. Ikiharibika, mara tatu, tuing'oe."

"Kwa hiyo mimi ndiye hakimu."

"Nilijua utaipenda hiyo."

Aliipenda. Aliwahi kukaa na watu chumba kimoja siku nzima wakasema maneno elfu asiambulie hata moja la kukumbuka, na sasa alikuwa na mtu asiyemwona, anamwambia *piga*, mtu anapiga. Anamwambia *imekaa*, mtu anasogea. Mkono wake wa msusi, uliozoea kushika bila kuchoka, haukutetereka, na nyundo ya fundi haikukosea. Wakaenda hivyo ribiti baada ya ribiti. Walipopumzika walirudi kwenye matusi yao kama watu wanaorudi nyumbani.

Kisha simu zikaanza.

"Nahodha wa nchi kavu."

"Bwana Magurudumu. Nina mteja kichwani, sema haraka."

"Niko juu ya lifti, ndani ya shimo lake, giza tupu. Nimekukumbuka."

"Ukiona giza ndiyo unanikumbuka mimi?"

"Nikiona kitu kinachoweza kuniua."

"Basi jishike vizuri. Usife kabla hujaniwekea taa za trela."

"Za trela langu."

"Kwenda zako huko." Na akakata simu huku akitabasamu, mteja akamwona kwenye kioo, na kabla ya jioni nusu ya mji ilijua.

Tusizungukezunguke: alimpenda. Mvua ilipowakuta Jumamosi moja wakajibanza chini ya turubai, magoti yamegusana, fundi akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba chenye grisi zaidi, na busu lililofuata lilikuwa na ladha ya vumbi la msasa. Halafu msusi akamwambia amekanyaga brashi yake.

Mambo yangeenda vizuri kama fundi asingesema neno moja. Alikuwa anakunywa chai barazani, amechangamka, akamwambia Shangazi, "Boti yetu ikimalizika, wewe ndiye abiria wetu wa kwanza."

Msusi akasimama na kopo la rangi mkononi. "Boti ya nani?"

"Yetu. Si tunaitengeneza wote?"

Sasa lazima ujue jambo moja. Kabla ya fundi kulikuwa na mtu mwingine, na kabla ya saluni anayofanyia kazi kulikuwa na saluni aliyoianzisha mwenyewe. Yule mtu naye alianza na *saluni yetu*, kwa sauti tamu hivyo hivyo, na siku walipoachana msusi alitoka na kitana na mkasi. Tangu hapo neno lile likimfikia sikioni alihisi mtu anaingiza mkono pochini mwake.

"Nani alikwambia ni yetu? Hii ni boti yangu. Nilikushinda mbele ya watu. Wewe una trela."

"Nahodha, nilikuwa natania na Shangazi tu."

"Mimi sitanii. Kuanzia leo kwenye boti yangu usitie mdomo. Una trela lako, ongea nalo."

Fundi akaweka kikombe chini. Shingo yake ikarudi ilivyokuwa siku ya mnada. "Hata nikiona kosa?"

"Hata ukiona inawaka moto."

"Sawa," akasema. "Nimekusikia."

Jumamosi iliyofuata msusi aliamka na hamu ya kumwonyesha mtu kazi. Boti ilibakiza ubao wa nyuma, ule unaofungwa kwenye bati la tezi, mwisho wa nyuma wa boti, ili injini ipate kushikilia. Ule wa zamani ulikuwa umeoza mpaka unabonyea kwa kidole. Akaenda duka la mbao akanunua iliyo bora kuliko zote, mbao ya dawa, ile ya kijanikijani isiyojua mchwa wala kuoza, akaikata mwenyewe, akaipima mwenyewe, akaipachika mwenyewe. Ilikaa sawasawa.

Fundi akaitazama. Akafungua mdomo.

Msusi akamwona akiufungua, akamkazia macho. Fundi akaufunga. Akachukua spana, akapiga magoti upande wa nje, na kwa kuwa boliti nazo hukazwa na watu wawili, msusi akashika ndani, fundi akakaza nati nje, moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, bila kusema neno lolote. Msusi akadhani amemshinda tena.

Hawakusuluhishana, ubaridi ulipungua wenyewe, wakauacha upungue. Simu zikarudi, matani yakarudi, ingawa fundi sasa alipokuwa akiizungumzia ile boti alisema "boti yako" kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Trela likapona: matairi mapya, fremu imepigwa rangi nyeusi, taa zinawaka kama za gari la harusi. Boti ikapakwa rangi ya maziwa, ikafunikwa turubai kungoja mvua za msimu zipite. Wakasema mvua zikikatika wataishusha majini.

Zilipokatika msusi akafunua turubai peke yake, asubuhi, akiwa na kikombe cha chai. Mwanzoni alidhani Shangazi amemwaga unga. Kuzunguka ubao wote wa nyuma kulikuwa na vumbi jeupe limevimba chini ya rangi. Akalikwangua kwa ukucha. Chini yake bati lilikuwa limechimbika vishimo vishimo, na pale pembeni, alipobonyeza, kidole kikatokea upande wa pili.

Akampigia simu. "Kuna unga mweupe nyuma ya boti. Bati limetoboka."

Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka.

"Unanisikia?"

"Ni ile mbao," fundi akasema. "Dawa yake ina shaba. Shaba na alumini zikikaa pamoja zikapata maji, alumini inaliwa."

"Umelijua lini hilo?"

Msusi alisikia mashine za lifti zikinguruma mbali.

"Nimekuuliza umelijua lini."

"Siku ile ile."

"Ulikaza nati," msusi akasema polepole.

"Nilikaza."

"Zote."

"Wewe ulisema hata ikiwaka moto—"

"Na wewe ukaiacha iwake! Ukapiga magoti ukaniwashia! Miezi yote hii unaniita mpenzi, unanibusu, unajua huku nyuma inaliwa!"

"Nilitaka kukwambia. Kila siku ilipopita ikawa vigumu zaidi."

"Njoo uchukue trela lako."

Alikuja na gari la kuazima. Wakaishusha boti juu ya matairi ya zamani, kila mmoja upande wake, hawatazamani. Fundi alivaa ile overoli ya buluu lakini safari hii haikupigwa pasi, na macho yake yalikuwa mekundu. Akasimama na mnyororo mkononi.

"Naomba niseme—"

"Usitie mdomo."

Akafunga mnyororo, akaondoka. Zile beringi alizozitengeneza kwa mikono yake hazikutoa hata mlio. Trela likapita getini kimyakimya, na hapo ndipo msusi alipoingia chumbani akalia mpaka mto ukalowa.

Sasa akawa nacho kile alichokitamani. Jumamosi alikaa ndani ya boti yake, juu ya matairi, hakuna kichwa cha mtu, hakuna wa kumsemesha. Alikaa hivyo kidogo, kimya kikamkaba, akashuka kwenda kumtafuta Shangazi wagombane.

"Nakuuliza kama karani," Shangazi akasema. "Wewe ulimfunga mtu mdomo. Yeye akaumeza ulimi ili akukomoe. Mahakama ishindwe kuamua mjinga ni nani?"

"Aliniona naharibikiwa akanyamaza, Shangazi."

"Alikosa. Sikatai, alikosa sana. Lakini amri ya kunyamaza aliitoa nani?"

"Njoo unishikie chuma."

Maana alikuwa ameapa ataitengeneza bila fundi. Alishaitupa ile mbao, akakata bati lililoliwa, akanunua kiraka kipya cha alumini na plaiwudi isiyo na dawa, akaipaka vanishi mara tatu. Zilibaki ribiti. Akamweka Shangazi ndani ya boti, na miwani yake na mto wa kukalia, akamfundisha ishara. Akashika nyundo. Kabla hajaishusha, bati likagongwa mara tatu.

"Shangazi, sijapiga bado!"

"Najua itakuwa mbaya."

Na ikawa mbaya. Ya kwanza ikapinda, ya pili ikalala, ya tatu ikapasua ukingo wa kiraka. Shangazi alibana chuma kwa mkono mmoja huku wa pili anapangusa miwani, na alipenda mazungumzo kuliko kugonga. Walipong'oa ya nne akainuka akajinyoosha mgongo.

"Mwanangu, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpigie simu. Mimi kiuno changu si cha mahakama hii."

Msusi alikaa na simu mapajani muda mrefu. Alitafuta maneno, na kila aliloliokota lilikuwa tusi au machozi, na yote mawili hakutaka kumpa. Mwishowe akapiga. Upande wa pili simu ikapokelewa bila hata "halo", pumzi tu. Msusi akaishika simu karibu na bati la boti, akachukua spana, akagonga mara moja.

Akakata.

Jua halijageuka, geti likasukumwa. Lile trela jeusi liliingia kinyumenyume mpaka kwenye boti, na fundi akashuka akasimama mbele yake, mikono ikining'inia.

"Nimekuja kutia mdomo," akasema.

"Tia."

"Hicho kiraka umekikata kidogo, kitavuja kona ya kushoto. Ribiti zako fupi. Nyundo hiyo ni ya kupigilia misumari, si ya kazi hii. Na rangi uliyopaka mwanzo hukuacha ikauke, nilinyamaza hapo pia." Akaelekeza kidole nyuma ya boti. "Na ile mbao. Sikunyamaza kwa sababu uliniamuru. Ningeweza kusema ukanitukana, kutukanwa na wewe nimezoea. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ikuharibikie kidogo, uone huwezi kuniacha nje. Ni ile roho mbaya ya mnadani. Niliona nati ya mwisho inaingia, nikajua nafanya uovu, nikakaza. Nisamehe."

Msusi alimwangalia.

"Uliposema *yetu*," akasema, "sikukusikia wewe. Nilimsikia mtu mwingine. Nikakuadhibu kwa kosa lake, na sikuwahi hata kukwambia kwamba aliwahi kuwepo. Lakini ukinifanyia tena hivyo, ukaniona nazama ukanyamaza, sitakuita. Hata mara moja sitagonga."

"Nitapiga kelele mpaka mtaa uhame."

"Haya. Leta nyundo ya maana."

Wakaipandisha boti juu ya trela. Wakakata kiraka upya, kikubwa zaidi, wakabishana kuhusu kona ya kushoto mpaka jirani akafunga dirisha. Kisha msusi akajikunyata ndani nyuma ya bati la tezi na chuma chake, fundi akapiga magoti nje, na kazi ikaanza: moja, nyundo, mbili. Moja, nyundo, mbili. Mkono haukutetereka, nyundo haikukosea. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa ua walipofika kwenye ya mwisho. Ikajaa, ikashika. Msusi akagonga mara mbili, akaegemeza paji la uso kwenye bati lililokuwa bado na joto.

"Nahodha," sauti ikasema nje.

"Nini?"

"Unioe. Yaani, nikuoe. Tuoane."

Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele dirishani, alisimamisha vidole. Kisha kutoka ndani ya boti zikatoka ishara, kavu na wazi: moja, mbili, tatu.

"Mbaya?" fundi akauliza. "Ing'olewe? Nimekosea wapi?"

"Sijazoea kuposwa na bati! Inuka useme mbele ya uso wangu."

Fundi akainuka, magoti yana vumbi, nywele zina chembechembe za alumini. Msusi naye akainuka ndani. Wakatazamana juu ya ubao mpya, karibu kiasi cha kuhesabiana kope.

"Nakupenda," fundi akasema. "Nataka kukuoa. Na nitakuwa natia mdomo kila siku, hata pale usipotaka."

"Nami nitakutukana."

"Najua."

"Na trela je?"

"Chukua. Liwe lako."

"Silitaki liwe langu."

"La nani basi?"

Msusi akafungua mdomo. Akalisukuma nje lile neno aliloliogopa.

"Letu, mpumbavu wewe. Na boti yetu."

Fundi akaufunika uso kwa mikono yake yenye grisi, na alipoiondoa alikuwa anacheka kwa mwanya wake wote, mashavu yamelowa. Akataka kusema kitu. Msusi akamzuia kwa kidole, akainama, akaokota spana, akagonga ukingo wa boti mara mbili.

Shangazi akarudi kwenye mchele wake.

"Haya," akasema. "Imekaa."